Ukirudi Pemba, anza na kuhani

Kila msimu wa karafuu ukikaribia napigiwa simu. Mmoja ana duka la nguo Kariakoo, mwengine yuko Mombasa, mwengine yuko Muscat mwaka wa kumi sasa. Wote wananiuliza neno moja: "Dada, nataka kurudi nyumbani, nianzie wapi?" Wanataraji niwatajie bei ya kiwanja au ya mfuko wa saruji. Mimi huwauliza kwanza: tokea uondoke wamekufa wangapi kijijini kwenu, na katika hao ni wangapi uliokwenda kwao kuhani, yaani kuwapa pole wafiwa?

Niliondoka Pemba 2003 nikiwa na miaka 24, nikarudi Machi 2021 kumuuguza mama. Kwetu ni upande wa Wete, ndani kidogo, pale lami inapokwisha. Haya ni yale niliyoyafanya mwenyewe, pamoja na yale niliyoyakosea nikalazimika kuyarudia.

Daftari kabla ya boti

Mwezi mmoja kabla ya safari, nunua daftari la skuli. Mpigie mama, dada, au yeyote aliyebakia nyumbani mwenye kumbukumbu nzuri, umwambie akutajie waliokufa tokea ulipoondoka. Nyumba kwa nyumba, aanze chini kisimani apande hadi msikitini. Atakutajia wa upande wenu kwanza. Mwache amalize, kisha muulize: na kwa kina fulani? Hapo atanyamaza kidogo. Mngoje. Majina utakayopewa baada ya kimya hicho ndiyo yenye kazi.

Langu lilikuwa na majina 37. Kumi na mawili ni ya watu ambao nyumba yetu haikwenda kuwazika wala kuwahani, kwa sababu ya chama.

Anayetoka nje ya Pemba huenda asinielewe, kwa hivyo nitaeleza. Baada ya uchaguzi wa 1995, wa mwanzo tokea vyama vingi viliporudi, vijiji vyetu viligawika kati ya CUF, chama cha upinzani, na CCM, chama tawala, mpaka ndani ya nyumba. Watu wakasusiana maduka, wakasusiana harusi, wakafika kususiana maiti. Pengine hata msikiti ukawa wa hawa na wa wale. Januari 2001 watu waliandamana kupinga uchaguzi wa 2000, risasi zikapigwa, wakafa zaidi ya watu 30, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Kaka yangu alikuwemo katika mashua moja. Wengi walirejea, yeye hadi leo anaishi Mombasa.

Ami yangu, mdogo wake baba tumbo moja, alikuwa CCM. Baba alikuwa CUF. Nyumba zao zinatazamana, kisima kiko kati. Kila nyumba ilikuwa na kamba yake na ndoo yake. Sisi tukiteka baada ya alfajiri, wao baada ya laasiri, ili wanawake wasikutane. Baba alikufa 2007. Ami hakuja kuzika. Alikuwa barazani kwake, jeneza likapita mbele yake.

Kwa hivyo katika bajeti yako ya kurudi, kabla ya saruji, tenga fedha za ubani, zile za kuwapelekea wafiwa. Si lazima ziwe nyingi. Nilitia kila nyumba kwenye bahasha yake, zote sawasawa, maana watu watalinganisha, na wana haki ya kulinganisha. Usibebe mabegi ya zawadi za kugawa ovyo. Beba sukari, majani ya chai, na kanga chache za wazee wa kike.

Chagua na wakati. Usifike katika miezi ya kampeni, kwa sababu salamu yako ya mwanzo itahesabiwa kura. Wala usifike katikati ya uchumaji kama hukuja kuchuma. Utamkuta kila mtu yuko juu ya mti mchana na usiku amechoka. Mimi nilifika wiki chache baada ya Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa upinzani wa miaka mingi, kufariki tarehe 17 Februari 2021. Alizikwa kijijini kwao, Nyali, Mtambwe. Niliukuta mji umenyamaza, watu wa pande zote mbili sauti zimeshuka. Huo haukuwa mpango wangu, lakini ulinifungulia milango.

Nenda kwanza pale miguu inapokataa

Usianze na nyumba rahisi. Ukianza na marafiki utapewa habari, na habari hizo zitakufunga miguu. Nimefika Mkoani asubuhi na boti, nikapanda gari hadi Chake, nikapanda daladala ya 606 hadi Wete, kijijini nikaingia saa nane mchana. Nikamsalimia mama, nikaoga, nikasali laasiri, kisha nikavuka kisima.

Mke wa ami alikufa 2018. Kwetu hakwenda mtu. Miaka miwili kabla, baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, mikarafuu 11 ya ami ilikatwa usiku mmoja. Hadi leo hakuna aliyesema ni nani, na mama hapendi niulize. Ndiyo kusema kila upande una kaburi lake na kisiki chake, na ukirudi utakuta hesabu zote mbili hazijafungwa.

Nikapiga hodi. Ami alikuwa amekaa juu ya jamvi anatengeneza mpini wa jembe kwa kigae cha chupa, anaukwangua polepole, unga wa mti unamwagikia kwenye kikoi. Amezeeka, jicho moja lina ukungu. Nikamwambia, "Shikamoo ami." Akaitikia, "Marahaba." Nikasema, "Nimekuja kuhani. Mama mdogo amefariki sikuwepo." Nikaweka bahasha chini ya ukingo wa jamvi.

Akaendelea kukwangua. Nadhani alikwangua dakika tano nzima. Kisha akasema, "Baba yako sikumzika."

Sikumjibu kitu. Na hili nakuomba ulishike: usijibu. Usiseme yamepita, usiseme tusameheane, usimkumbushe yenu wala ya wao. Umekuja kuhani, kaa, soma Fatiha, kunywa chai ukipewa, ondoka. Mimi nilipewa chungwa. Alilimenya mwenyewe akanikatia vipande vinne.

Wenye kujua dini watakwambia taazia ni siku tatu. Ni kweli, ila aliyekuwa safarini ana ruhusa akishafika, na hiyo ndiyo ruhusa yako wewe uliyetoka nje. Waliobakia kijijini hawanayo. Mtu aliyekaa hapa miaka yote hawezi leo kuvuka njia akaenda kuhani maiti wa 2016. Ataulizwa alikuwa wapi. Wewe huulizwi. Itumie ruhusa hiyo mapema, kwa sababu haidumu. Baada ya miezi mitatu umeshakuwa mwenyeji, na kimya chako kitahesabiwa pamoja na cha wengine.

Nyumba 12 zilinichukua siku tisa. Mbili walinipokea wima mlangoni. Moja hawakunifungulia, na bahasha yao ninayo.

Sheha

Wiki ya kwanza nenda kwa sheha, mwakilishi wa serikali kijijini, ukajulishe kuwa umerudi. Hapa kwetu barua yake ndiyo mlango wa kila kitu: kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, maombi ya ofisini, karatasi za mirathi. Chukua cheti cha kuzaliwa, barua ya serikali ya mtaa ulikokuwa ukiishi, na vivuli vya kila kimoja. Masheha huteuliwa na serikali, hawapigiwi kura, na malalamiko kwamba wa upande fulani huzungushwa ni ya miaka mingi. Mimi nilirudishwa mara nne: leo muhuri haupo, kesho mwenyewe yuko mkutanoni. Mara ya tano nilifuatana na ami. Hakusema neno lolote, alikaa tu kwenye kiti cha mlangoni na bakora yake. Barua ilitoka kabla ya adhuhuri.

Lilinifurahisha na likaniuma pamoja, kwa sababu barua ni haki yangu hata kama sina ami. Lakini unapotaka kuishi, chukua barua kwanza. Na wewe ukiwa na nguvu ya aina hiyo, mfuate jirani asiyekuwa nayo, ukae kwenye kiti cha mlangoni.

Rangi

Huko ulikotoka rangi ni rangi. Hapa kijani na njano ni CCM, zambarau ni ACT-Wazalendo. Machi 2019, Maalim Seif alipohama CUF kwenda ACT, ofisi za chama zilipakwa rangi mpya kwa siku moja tu, na watu wakajua kusoma kuta upya. Nilipofungua kiduka changu cha unga na mafuta nilinunua rangi ya mlango iliyokuwa na bei nafuu Wete siku hiyo, kijani. Siku nne hakuingia mtu wa upande wetu. Mama ndiye aliyeniambia. Nikapaka upya, buluu ya bahari, na siku ya pili walikuja kununua chumvi.

Mlango uwe buluu, au mbao tupu uliyopaka mafuta. Mtandio wa kwendea shughuli uwe mweusi au mweupe. Kama una kanga ya chama, hata ya zawadi, ivae ndani. Na ukiulizwa uko upande gani, maana utaulizwa, tena na watoto, usidanganye. Mimi hujibu: "Baba yangu mnamjua alikuwa nani, na ami yangu mnamjua ni nani. Mimi nimekuja kumuuguza mama." Nina msimamo wangu na kura yangu naijua, lakini sijaona haja ya kuisema dukani.

Habari ya mkopo nitaisema kwa kifupi. Duka la kijijini lisilokopesha halina wateja, na linalokopesha bila mpaka halimalizi mwaka. Watu hulipa karafuu zikiuzwa, na mwaka ambao mikarafuu haikuzaa hawana cha kulipa. Weka kiwango kimoja kwa kila nyumba, kiwe sawa kwa pande zote, na kiandike mbele ya mkopaji.

Karafuu, na unachoweza kutaraji kwake

Wengi wanaorudi wana picha ya Pemba ya babu zao. Babu yangu alijenga nyumba ya mawe na kuezeka bati kwa karafuu za miaka ya sabini. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja, na tokea hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hili. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, wakizitia kwenye sigara zao za kretek. Wakapanda ya kwao hadi ikawatosha, na miaka ya themanini bei ikaanguka. Mikarafuu ikaachwa ndani ya magugu, vijana wakapanda boti. Bei ilipopandishwa 2011 hadi shilingi 15,000 kwa kilo, watu walirudi mashambani, lakini miti mingi ilikuwa imeshazeeka. Kwa hivyo usirudi na hesabu ya babu.

Kabla hujagusa mti wowote, ulizia mambo mawili tofauti: ardhi ya nani, na mti wa nani. Kwetu ardhi inaweza kuwa ya huyu na mikarafuu ya yule. Tena kuna eka, zile eka tatu tatu ambazo watu walipewa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, na hizo zina masharti yake na zina machungu yake, kwa sababu kabla ya kupewa huyu zilikuwa za mtu mwengine, na mjukuu wa mtu huyo anaweza kuwa ndiye anayekuchomea samaki sokoni. Na kama mwenye shamba amekufa, hapana mwenye shamba mpaka mirathi igawiwe. Nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, wana ofisi Chake Chake, mgawe kwa sheria na kila mtu apewe karatasi yake. Sisi tulikaa miaka 14 bila ya kugawa. Kaka alikuwa Shimoni kisha Mombasa, mimi Dar es Salaam, na katika muda huo jirani alikuwa anachuma miti mitano ya mpakani kwa nia njema kabisa, akijua ni yake. Tulikwenda tukahesabu pamoja, ami akiwa shahidi, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwepo babu alipoipanda.

Kisha tazama miti. Mkarafuu mzuri hauzai sana kila mwaka. Hesabu mwaka mmoja mkubwa katika mitatu au minne. Mche mpya utakungojesha miaka sita hadi minane. Miche hutolewa bure kwenye vitalu vya serikali, ichukue mvua za masika zikianza, uipande chini ya kivuli cha migomba, maana jua kali huiua ikiwa midogo. Mti mkongwe usiukate. Sheria inataka kibali.

Msimu ukifika utahitaji kamba nzuri, upembo wa kuvutia matawi, mapakacha, majamvi, na wachumaji. Wachukue kutoka pande zote mbili. Wapimie kwa pishi moja, mchana, hadharani, na uwalipe siku ile ile. Usimpandishe mtoto wala mtu aliyelala vibaya, kila msimu watu wanaanguka na wengine hawasimami tena. Kituoni kwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ulizia mapema utaratibu wa fidia kwa wanaoanguka, usingoje mtu awe chini.

Karafuu huchumwa kichwa kikiwa kinaanza kugeuka rangi kabla ua halijafunguka. Likifunguka umepoteza. Usiku ndio kuchambua, na hapo ndipo ninapotaka ufike. Kama unataka kurudi kweli, usimwachie mtu kazi ya kuchambua. Hukaa wanawake na watoto duara, taa katikati, rundo la karafuu mbichi limefukuta joto lake. Unashika kishada kwa konyo, unakizungusha kwenye kiganja cha mkono wa pili ukikandamiza kidogo, vichwa vinaachia vinaanguka kwenye jamvi, konyo linabaki vidoleni unalitupa upande. Usiku wa kwanza vidole vyangu vilivimba, ngozi ya kiganja ikawa nyeusi, harufu haikutoka wiki nzima hata kwa limau. Mikono ikiwa na kazi watu hawatazamani usoni, na wasipotazamana husema. Usiku wa tatu, mtoto wa ami wa kike, mwenzangu tuliyesoma darasa moja na tukapitana miaka minane bila ya salamu, alisema huku ameinama: "Siku ile ya baba yako, mama alilia jikoni. Baba alimkataza kutoka." Nikasema, "Nimesikia." Tukaendelea kuchambua.

Anika juani siku nne hadi saba, kwenye jamvi au sakafu safi, usianike barabarani. Kilo tatu mbichi hukupa kama kilo moja kavu, kwa hivyo usikope kwa kutazama rundo la mbichi. Chukua moja uikunje: iliyokauka hukatika kwa mlio, isiyokauka hupinda. Uza kituoni. Watakuja watu usiku na bei nzuri ya kuvusha Kenya, na nyumba zenye dhiki hushawishika. Mimi nimeona jirani akipoteza magunia yote katika usiku mmoja wa magendo, na watoto wake wakatoka skuli.

Yasiyotengenezeka

Kuna mambo utayaacha kama yalivyo. Kaka hataki kurudi, na simlazimishi. Maridhiano ya CUF na CCM ya 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010, iliyokubali serikali ya pamoja, yaliwafanya watu wapeane mikono barazani. Oktoba 2015 matokeo ya uchaguzi yakafutwa, na mikono ikarudi mifukoni. Kila uchaguzi ukipita, mwezi mmoja au miwili salamu hupungua hata kwa wale niliochambua nao karafuu. Katika miezi hiyo mimi huongeza kwenda. Mtoto akizaliwa naenda, mtu akilazwa naenda, hata kama najua nitapokewa wima.

Na daftari usilitupe. Likijaa upande mmoja, geuza. Upande wa pili wa langu naandika wanaokufa nikiwepo, na mbele ya kila jina naandika nani alikuja kutoka ng'ambo ya kisima. Mama alifariki Agosti 2023, baada ya alfajiri. Jina lake lina mistari mingi mbele yake. Wa kwanza ni mtoto wa ami, alikuja na birika la chai na kamba yake ya kisimani begani, kwa sababu maji ya kuoshea maiti yalikuwa mengi na kamba yetu moja isingetosha. Wa pili ni ami. Jicho lake la pili nalo lilikuwa limeshaanza ukungu, aliongozwa na mjukuu hadi makaburini, na wanaume walinihadithia kwamba aliomba ashikishwe jembe.